Hewa ya Makoti

Mwatime Swafwani hakuwa mtu wa kuamini upesi. Wenziwe kiwandani walimtania kwamba ukimpa chai hunusa kwanza kikombe, kisha hukutazama wewe uliyemletea, kisha huuliza, "Leo kuna nini?" Naye wala hakuwa akikasirika. "Nanusa, ndiyo," husema. "Wasionusa wako wapi?" Halafu huinywa ile chai yote na kuomba kikombe cha pili.

Msimcheke, alikuwa na sababu zake. Alizaliwa Kisauni, Mombasa, akauza mahamri na mikate ya sinia miaka kumi na minne, mpaka mumewe alipopata ile bahati nasibu ya grinikadi akawaleta Houston. Mume hakumaliza miaka minne akafariki, akamwachia binti mmoja, Amna, na jiji zima asilolijua. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kiwanda cha kufunga kuku. Huko kulikuwa na mama mmoja wa Kiafrika mwenzao, mcheshi, mwenye Kiswahili kitamu, akikaa nao mezani na kula nao sahani moja. Wakawa wanamweleza kila kitu: nani mgongo umemkataa, nani anatafuta kazi kwingine, nani kasema wakubwa wanawaonea. Siku moja watu watano wakaitwa ofisini, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akasomewa maneno yake mwenyewe. Mwatime alikuwa wa nne. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na tangu siku ile Mwatime akiona mtu mgeni anamsemesha Kiswahili kazini, moyo wake hujifunga kwa ndani.

Baadaye akapata kazi kwenye kiwanda cha mikate huko Stafford, kinachotengeneza ile mikate ya mviringo ya hambaga, maelfu kwa siku. Yeye alikuwa mtu wa magunia. Magunia yenyewe ni ya karatasi, kilo ishirini na ushei kila moja. Hulipandisha kwenye mdomo wa mashine ya kukanda, hulikata kwa kisu, humimina. Hapo kwa wengine wote kazi imekwisha, lakini kwa Mwatime ndiyo kwanza imeanza. Hulishika gunia kwa pembe zake za chini, akalikung'uta kwa nguvu, akalipiga tako kwa kiganja, akalikung'uta tena, kisha akalikumbatia kifuani na kulikunja huku akilikamua hewa yote. Gunia lililopita mikononi mwake ungelipekua hata kwa miwani usipate unga wa kupaka ncha ya kidole.

"Kwetu unga haumwagwi," aliwaambia wale walioacha unga kwenye mikunjo ya magunia. "Unga ni riziki. Wewe itupe tu, utaitafuta."

Na kweli wakubwa walimpenda kwa hilo. Supavaiza wao, Mmarekani mrefu asiyevua kofia hata akila, ambaye wao kwa wao walimwita Kofia, alikuwa akiwaonyesha wageni gunia la Mwatime kama mfano wa kazi.

Hatua nne kutoka kwenye mashine hiyo, akimwelekea Mwatime, alisimama Esperance. Kazi yake ilikuwa meza ya kukatia unga uliokandwa. Alikuwa mwanamke wa Uvira, Kongo, mama wa watoto watatu, amekaa kambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa Texas. Walikuwa majirani huko Sharpstown, kwenye nyumba zile zile za ghorofa mbili. Mwatime akimpakia kwenye gari lake kila alfajiri na kumrudisha mchana. Umri wao ulipishana miaka ishirini, kwa hiyo Esperance alimwita Mama Amna kwa heshima, naye akamwita mwanangu, na kusema haki alimpenda kama wa kumzaa. Ndiye mtu pekee kiwandani ambaye chai yake haikunuswa.

Esperance alianza na mafua ya kupiga chafya. Halafu kikohozi kikavu. Halafu kifua kikaanza kumbana, akawa anapumua kwa sauti ya filimbi. Mwatime, kwa kuwa jicho lake halilali, ndiye aliyegundua jambo la ajabu: Jumapili Esperance alikuwa akiimba kwaya kanisani kwao saa mbili nzima bila shida, na Jumatatu mchana, kwenye gari, hawezi kumaliza sentensi. Jumanne vibaya zaidi. Ijumaa ndiyo usiseme.

"Kuna kitu humu ndani wanakuvutisha," Mwatime alisema. "Nitakijua."

Basi akaanza upelelezi wake. Alishuku kwanza dawa ya kusafishia sakafu, akaipeleka chupa yake tupu nyumbani ili Amna amsomee. Amna, mwanafunzi wa chuo, akasoma akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hiyo ni sabuni tu. Akashuku matundu ya kiyoyozi, akapanda juu ya kreti kuyachungulia mpaka Kofia akamteremsha. Akashuku marashi ya Kofia mwenyewe. Akashuku ile hamira ya unga, akaionja, akaitema. Mchana, shifti ikiisha, mashine zilipulizwa kwa mpira wa upepo na sakafu ikafagiwa kwa fagio, ukungu mweupe ukijaa mpaka kwenye taa, naye akasimama katikati yake, barakoa imeshushwa kidevuni ili aweze kusema, akiwauliza watu nani amebadilisha sabuni. Unga wenyewe haukumpitia hata akilini. Ameuchota, ameukanda na kuula tangu utotoni. Nani atamshuku ndugu yake?

Esperance akaenda kliniki. Daktari akampa dawa ya kuvuta mdomoni na barua ya kupeleka kazini: mgonjwa huyu ana dalili za pumu, tafadhali chunguzeni hewa anayofanyia kazi. Kiwanda, kwa kuogopa barua ya daktari, kikamhamisha Esperance kwa muda kwenda upande wa kufungia mikate, mbali na unga, na kikaita kampuni ya kupima hewa. Kule kwenye kufunga, hebu fikiri, kikohozi kikapungua ndani ya wiki moja. Mwatime akasema ni dawa.

Mpimaji alikuja Januari, wiki ile ya baridi kali iliyowafanya watu wa Houston watoe makoti kabatini. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minane hivi, kavaa viatu vizito na kofia ya plastiki, begi zito mkononi. Alimwendea Mwatime moja kwa moja.

"Shikamoo, mama."

Mwatime akaganda. Shikamoo haikataliwi, hata ikitoka kwa adui, kwa hiyo akaitikia, "Marahaba," lakini kwa sauti ya mtu anayelipa faini.

"Naitwa Kwamboka. Nimetoka Kisii lakini niko hapa tangu shule. Nimekuja kupima vumbi. Leo utavaa hii shifti nzima."

Akatoa kijisanduku chenye mkanda wa kiunoni. Kutoka ndani yake ulipanda mpira mwembamba ulioishia kwenye kikopo kidogo cha plastiki, na kikopo hicho kilitakiwa kibanwe kwenye ukosi wa shati.

"Hapa shingoni?" Mwatime akauliza.

"Ndiyo mama, karibu na mdomo. Ndiko hewa unayovuta inapita."

"Karibu na mdomo."

"Ndiyo."

"Na mbona kinanguruma?"

"Ni pampu. Inavuta hewa kidogo kidogo, vumbi linabaki kwenye kichujio, tunalipeleka maabara linapimwa uzito."

"Na hiyo taa ya kijani?"

"Inaonyesha tu kwamba inafanya kazi."

"Kazi gani?"

Kwamboka akacheka, akidhani ni mzaha. Akamvalisha, akamvalisha na Esperance, ambaye siku hiyo alirudishwa mezani makusudi ili apimwe mahali pake. Akamvalisha na mtu wa tatu kwenye tanuri. Kisha Kofia akamwambia Kwamboka kwamba wageni hawakai ndani ya uzalishaji. Asubiri ofisini, aje kuangalia vyombo vyake saa nne na saa nane. Msichana akabisha kidogo, halafu akaenda.

Mwatime hakungoja. Alimvuta Esperance mpaka chumba cha kubadilishia nguo, akaufunga mlango, akakifunika kile kikopo kwa kiganja.

"Umekiona?" akanong'ona. "Jiji hili lina watu mamilioni, wakachakura mpaka wakampata anayejua Kiswahili. Kupima hewa kunataka Kiswahili? Hewa ina kabila?"

"Lakini Mama Amna, ile daktari njo aliomba," Esperance akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Ni kwa sababu ya kifua yangu."

"Na kule kwenye kuku walituambia wanatujali. Mwanangu, nisikilize. Jana tu umeniambia wakati wa mapumziko unataka kuhamia Lewisville kwa dada yako Orpa. Unataka Kofia alisikie hilo kesho ofisini? Utaniambia una watoto wangapi wa kulisha?"

Esperance akakitazama kijisanduku, kinanguruma taratibu kiunoni mwake. Alikuwa ametoka mahali ambapo neno lililosikiwa na mtu asiye wake liliweza kumtoa mtu nyumbani kwake asirudi. Lakini hata hivyo alisita.

"Yule mtoto ana sura ya mutu muzuri," akasema.

"Na yule wa kuku alikuwa na sura ya nini? Ya fisi? Vua."

Akavua. Mkubwa kasema, afanyeje? Mwatime akaning'iniza pampu zote mbili ndani ya makoti yao, yale mazito ya baridi, akazifungia zipu mpaka juu. "Waache wasikilize makoti," akasema, na hapo akacheka mwenyewe mpaka machozi yakamtoka. Saa nne kasorobo wakakimbia kuzivaa. Kwamboka akaja, akaangalia taa ya kijani, akaandika, akaondoka. Wakazirudisha. Saa nane kasorobo vivyo hivyo. Mtu wa tanuri peke yake ndiye aliyevaa yake mchana kutwa, maskini, kwa kuwa hakuna aliyemwonya, na kule tanurini unga ni mchache.

Wiki mbili baadaye karatasi ikabandikwa ukutani. Kofia akawasomea: hewa ni safi, vumbi ni dogo mno, hakuna hatari. Kwa hiyo, akasema akimgeukia Esperance, hakuna tena sababu ya kukuweka upande wa kufungia. Kesho urudi mezani kwako.

"Nilijua!" Mwatime aliwaambia watu wakati wa mapumziko, akipiga meza. "Msichana kalipwa. Kaandika wanachotaka. Kwanza kaja kutusikiliza, alipokosa la kusikia kaandika uongo." Watu wakatikisa vichwa wakakubaliana naye, maana uongo wa wakubwa hauhitaji ushahidi mwingi kuaminika.

Alipiga picha ile karatasi kwa simu akampelekea Amna amtafsirie vizuri, apate maneno ya kumkomesha nayo Kwamboka. Amna akasoma akiwa amekaa kwenye kochi, miguu juu.

"Mama, hapa kuna jina lako," akasema, safari hii kwa Kiswahili, jambo lililomfanya mama yake ageuke. "Mwatime, kumimina unga, shifti nzima. Vumbi, karibu hakuna. Inawezekanaje? Wewe ukirudi nyumbani hata nyusi zako ni nyeupe."

Mwatime, kijiko mkononi, akauzimia moto mchuzi uliokuwa ukichemka. Karatasi haikuwa imesema uongo. Ilikuwa imepima alichokipa kupima, na alichokipa ni koti lake la mtumba lenye manyoya, limening'inia chumbani na zipu mpaka shingoni. Kwa hewa ya makoti, Esperance alikuwa amerudishwa mezani.

Alijua hapo hapo kwamba inampasa kusema. Na hakusema. Tusimpambe, huo ndio ukweli. Aliogopa. Akisema, atafukuzwa yeye, na akifukuzwa bima yake na ya Amna imekwenda. Halafu kile kidudu cha shaka kikamnong'oneza: huenda ni mtego, huenda wanangoja tu useme ili wapate sababu. Siku ya kwanza akamwambia Esperance ajifunge kitambaa puani. Siku ya pili akamletea tangawizi na asali. Siku ya tatu, alikuwa amemimina gunia la saba, analikung'uta, akasikia kitu kimeanguka mezani. Kilikuwa kisu cha Esperance cha kukatia.

Esperance alikuwa amekaa sakafuni, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na hewa haiingii. Midomo yake iligeuka rangi ya majivu. Alimtazama Mwatime kwa macho ya mtu anayezama, na hakuwa na pumzi ya kumwita. Ambulensi ilifika baada ya dakika tisa. Mwatime alizihesabu zote akiwa amepiga magoti kwenye unga, anamshika mgongo, akisema "Yarabi, yarabi, yarabi," wala hajui aseme nini kingine.

Mchana huo huo, ndani ya gari, kwenye maegesho ya hospitali, alipiga namba ya Kwamboka iliyoandikwa chini ya ile karatasi.

"Kabla sijasema," alianza, "simu hii inarekodi?"

"Hapana, mama. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni yule wa shikamoo. Wa magunia. Ulipima makoti."

Akamweleza yote, hakuficha kitu.

"Niliona nyuzi," Kwamboka akasema. "Kwenye vichujio vyenu viwili. Nyuzi za buluu na manyoya manyoya. Nikajiuliza, ni unga gani huu wenye manyoya. Nilipaswa kurudi kuuliza, mama, na sikurudi, kwa sababu walikuwa wameshaipokea karatasi na wameshafurahi. Hilo ni langu."

Mwatime hakutegemea hilo. Katika maisha yake hakuwahi kumsikia mtu wa ofisi akisema hilo ni langu. Akalishuku hata neno lenyewe, akalipindua akilini kutafuta ndoano iko wapi, asiione.

"Utaandika jina langu?"

"Lazima niandike kwamba vifaa havikuvaliwa. Kofia wenu atajua ni nani."

"Umejuaje tunamwita Kofia?"

"Mama, nilikaa ofisini kwake siku nzima. Hata mimi ningemwita hivyo."

"Basi andika," Mwatime akasema. "Andika kwa herufi kubwa."

Kofia alipoisoma barua ya Kwamboka alimwita Mwatime akampa onyo la maandishi, na hakumfukuza, kwa kuwa mtu mmoja alikuwa hospitalini na kumfukuza shahidi kungeonekana vibaya. Hesabu hiyo Mwatime aliipiga mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Kwamboka akarudi Jumatatu, na safari hii hakukubali kukaa ofisini. Alikuja na pampu zake na taa moja kubwa, ya miguu mitatu, yenye mwanga mwembamba mkali.

"Hii ya nini tena?" Mwatime akauliza.

"Ya kuona kile macho hayaoni. Simama kwenye kazi yako, mimina kama kawaida."

Akaiweka taa nyuma ya mashine, mwanga ukielekea mezani, akazima taa za juu za upande ule. Mwatime akamimina, akakung'uta, akapiga, akakunja. Kila aliyekuwa upande wa pili akasema, "Eeh!" Yeye mwenyewe, akiwa ameliinamia gunia lake, hakuona kitu.

"Taa yake ina moshi," akasema hapo hapo. "Zipo taa za moshi, nimeziona harusini."

"Njoo uishike mwenyewe, mama," Kwamboka akasema.

"Naja kweli! Na gunia akung'ute mwingine." Akatazama huku na huku. "Akung'ute yeye." Na kidole kikamwonyesha Kofia.

Watu wakaminya vicheko. Kofia alilichukua gunia, kwa kuwa kiburi chake hakikumruhusu kukataa mbele ya watu, na akafanya kama alivyokuwa amemwona Mwatime akifanya mara elfu, kile kitu alichokuwa akiwaonyesha wageni. Akashika pembe, akakung'uta. Mwatime alikuwa kaishika taa kwa mikono miwili, kaikagua juu na chini, haina moshi. Akatazama mbele.

Kutoka kwenye kinywa cha gunia lilitoka wingu. Halikuanguka. Unga mzito ulianguka, ndiyo, lakini lile wingu jepesi lilipanda, likajikunja, na kwa kuwa kiyoyozi kilikuwa kinapuliza kutoka nyuma, likasogea taratibu kuvuka hatua zile nne, mpaka mezani, kwenye kimo cha uso wa mtu mfupi kiasi. Pale aliposimama Esperance miaka miwili. Kofia akalikumbatia gunia akalikamua, na wingu la pili, kubwa kuliko la kwanza, likalifuata. Gunia lilishatupwa kwenye pipa na bado wingu lilikuwa linaelea pale, dakika, dakika mbili, dakika tano, katika hewa ambayo bila taa ungeapa ni safi.

"Kila gunia?" Mwatime akauliza.

"Kila gunia," Kwamboka akasema.

Magunia arobaini kwa shifti. Mwatime akaipiga hesabu, kisha akaiacha katikati. Aliiweka taa chini polepole, akaenda chooni, akajifungia, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikiliza.

Vipimo vya siku hiyo, vilivyovaliwa shingoni mchana kutwa, vilirudi na namba ambayo Kofia hakuisoma kwa sauti. Mambo yakabadilika, si kwa siku moja, ila yakabadilika. Juu ya mdomo wa mashine likawekwa bomba pana la kunyonya vumbi. Fagio na mpira wa upepo vikaondolewa, ikaletwa mashine ya kuvuta vumbi na vitambaa vya maji. Barakoa za karatasi zikatupwa, zikaletwa zile zinazobana uso, na kila mtu akapimwa yake. Meza ikapakwa mafuta badala ya kurushiwa unga. Na Mwatime akafundishwa upya na Kwamboka namna ya kumwaga gunia: likate chini, ndani kabisa ya mdomo wa mashine, liinue taratibu, likiisha acha. Usikung'ute. Likunje polepole ukielekezea kinywa kwenye bomba, ulitie ndani ya mfuko.

"Na unga uliobaki?" Mwatime akauliza, akiuona umekaa kwenye mikunjo, kama nusu kikombe.

"Unaenda na gunia lake, mama."

Akaliangalia lile gunia. Mikono ilimwasha. Kisha akalikunja na unga wake.

Kwa Esperance, lakini, bomba lilichelewa. Daktari alimweleza waziwazi: mwili wake umeshaukataa unga, na ukishaukataa hausahau. Hata kidogo tu, hata unga wa chapati jikoni kwa jirani, unaweza kumbana tena. Hawezi kurudi kiwandani, si mezani wala kwenye kufungia. Dada yake Orpa alimpatia kazi ghala la nguo kule Lewisville, na watoto wakaanza kuaga shule.

Jumamosi ya mwisho kabla hawajahama, Mwatime alikwenda kumwona. Alioga kwanza, akaosha nywele, akavaa dera lililotoka kufuliwa, akaacha viatu vya kazi ndani ya gari. Alikuta maboksi yamepangwa sebuleni, na Esperance kakaa karibu na dirisha, dawa yake ya kuvuta ipo mapajani. Mwatime hakukaa. Alikuwa amejiambia kwamba akikaa atanywa chai, na akinywa chai hatasema.

"Mwanangu, nimekuja kusema jambo," akaanza. "Ule unga ni mimi. Si sabuni, si Kofia, si yule msichana. Nimeuona kwa macho yangu. Mkono wangu huu ndio uliokuwa unakutia unga kifuani, kila siku, miaka miwili. Na nilipopata nafasi ya wewe kusaidiwa, nikakuvua kile chombo. Nisamehe, na kama huwezi nitajua ni haki yako."

Nje watoto wake walikuwa wakipigiana kelele za Kiingereza kwenye ngazi.

"Nilikuwa najua, Mama Amna," Esperance akasema.

"Ulikuwa unajua nini?"

"Ya gunia. Tangu zamani. Mie nilikuwa nasimama pale mbele yako, sivyo? Unapiga gunia, ile unga inakuya, inanikuta huku usoni. Mara zote. Mutu hawezi kukosa kujua."

"Jamani, Esperance! Na mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Mara moja, ndani ya gari. Nilisema, mama, ile gunia usiipige sana, inanikohoza. Ukanitazama. Ukauliza ni Kofia alinifundisha kusema vile, ama nani. Kisha ukanyamaza mpaka Sharpstown, na kesho yake hukunisalimia hata. Mie nikaogopa. Hapa Houston sikukuwa na mama mwingine. Nikasema afadhali nikohoe."

Mwatime akatafuta kiti kwa mkono, akakaa juu ya boksi. Alijaribu kuikumbuka siku hiyo ndani ya gari, njia waliyopita, neno alilolisema. Hakuikumbuka. Siku za namna hiyo, za kumshuku mtu na kumnunia, zilikuwa nyingi.